Walioanika Betri Juu ya Kioo cha Jua

Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, kijana wa chuo, alikuja kunisalimia hapa Sumbawanga akiwa na sola mfukoni. Sisemi kichwani, wala nyuma ya bodaboda. Mfukoni. Aliitoa, akaikunja kama leso, akaikunjua, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee na ilipitisha mwanga kama karatasi ya pipi. Nikaigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kukaza nati. Hapakuwapo.

"Babu, hii haina silikoni," akasema. "Ni plastiki na rangi tu."

"Nieleze kwa Kiswahili cha darasa la saba," nikamwambia, "na usiruke kitu."

Ninyi vijana mnaofunga sola siku hizi nawapa kama alivyonipa, na nilipokosea mtanisahihisha. Kwenye sola zenu za kioo, chembe ya mwanga ikiipiga silikoni inaing'oa elektroni mahali pake. Elektroni hiyo iko huru papo hapo, inateremka upande wake, inatoka kwa waya. Kwenye hii ya plastiki mambo ni ya uchumba. Rangi inaumeza mwanga, elektroni inaamka na kuruka, lakini pengo ililoliacha nyuma linaing'ang'ania. Wanatembea wawili, elektroni na pengo lake, na wakiwa wawili hakuna umeme, maana mmoja anafuta cha mwenzake. Ili waachane ni lazima wafike mpakani, pale plastiki moja inayopenda kutoa elektroni inapogusana na nyingine inayopenda kupokea. Hapo elektroni inavuka, pengo linabaki, kila mmoja anashika njia yake hadi ukingoni, na sasa taa inawaka.

"Tatizo ni kwamba hawafiki mbali," kijana akasema. "Wakichelewa kufika mpakani, elektroni inarudi kwenye pengo lake na mwanga wote unaishia kuwa joto."

"Basi mpaka uwe karibu kila mahali. Kama kande, hindi lisiwe mbali na haragwe."

"Ndiyo, wanazichanganya hivyo. Lakini Babu, hindi liguse hindi mpaka ukingoni mwa sufuria, na haragwe liguse haragwe. Haragwe lililozungukwa na mahindi pande zote, elektroni yake inakwama humo."

"Kwa hiyo ichanganyike, ila isiwe uji."

"Isiwe uji."

Nikampa kiti cha karibu na jiko, maana alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi yetu. Akaniambia pia, kwa uaminifu ambao ninyi wauzaji hamna, kwamba plastiki hiyo inachoka upesi kuliko kioo, na kinachoichosha ni jua lenyewe pamoja na hewa na unyevu. Halafu akaniuliza naionaje. Nikamjibu kwa swali: watu wataanika nini juu yake? Akacheka. Mimi sikucheka, na sababu ndiyo hii ninayotaka kuwasimulia.

Kazi nilifundishwa na Ambokile, Mnyakyusa aliyetoka Mbeya na kuajiriwa Sumbawanga kama fundi wa redio. Alikuwa mlokole, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kushika waya mwembamba. Akikuta waya uliofungwa ovyo alifumba macho kwanza, akamwombea aliyeufunga, kisha akaukata. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimekwisha kujiona fundi. Yeye aliniita Bwana Deusi, na nilipokosea aliniita Bwana Deusi kwa sauti ya chini zaidi.

Zilikuwa zile nyakati za vijiji vya ujamaa, karibu na mwisho wake, sabuni ikiuzwa kwa foleni. Sola zilikuwa chache kuliko magari, na watu waliziita vioo vya jua. Zilikuja na karatasi ya maelekezo iliyosema kioo kielekezwe kusini. Ambokile aliisoma mara moja, akaikunja, akafungia karanga. Walioiandika wanaishi kaskazini ya dunia, ambako jua hukaa kusini kwao. Kwetu Ufipa kielekeze kaskazini, na kiinamishe kidogo tu, karibu kilale kama kitanda, kiasi cha maji ya mvua kuteremka na vumbi. Mkumbuke hilo la kitanda, lina balaa lake.

Jambo la pili alilonifundisha tulilipata kwa mlinzi mmoja mzee, asubuhi ya Julai yenye upepo ule wa kwetu unaopita kwenye koti. Tulimkuta ameweka jiko la mkaa chini ya kioo, analipepea.

"Mzee, shikamoo. Unapika nini?" Ambokile akauliza.

"Marahaba. Umeme. Leo jua limechelewa."

Ambokile hakumcheka. Alipima kioo kikiwa cha moto, akamwonyesha mshale wa mita. Akaondoa jiko, tukanywa chai, akapima tena. Mshale ukapanda zaidi.

"Umeona, mzee wangu? Hiki kinataka mwanga, hakitaki joto. Baridi ya Ufipa ndiyo rafiki yake."

Mzee akalitazama jiko lake. "Na miezi yote hii niliyokuwa nakipasha?"

"Ulikuwa unakipa homa."

Sasa tuje kwenye kijiji chenyewe. Sitakitaja, maana waliohusika wengine bado wapo na wanapajua kwangu. Ni huku juu kwenye nyanda, mbele ya Kasense, nyumba zimepangwa kwa mistari kama tulivyoagizwa, mashamba ya matuta ya mviringo yamezunguka pande zote. Palikuwa na zahanati, na kwenye zahanati palikuwa na redio ya kuitia mjini. Redio ilipata nguvu kwenye betri kubwa ya maji, kama ya gari, na betri ilijazwa na kioo cha jua kilichofungwa juu ya kibanda cha kuni nyuma ya zahanati. Paa lenyewe lilikuwa la chini, mtu mrefu analifikia kwa mkono.

Nesi aliitwa Skolastika. Niseme mapema kwamba baadaye nilimwoa, na mwaka jana nilimzika, kwa hiyo mkiona nimenyamaza kidogo hapa na pale mnivumilie. Wakati huo hakuwa wangu. Alikuwa nesi mwenye hasira, na hasira yake ilikuwa kwetu.

"Kila ikifika mchana redio inakufa," alituambia. "Mnakuja, mnapima, mnasema nzima. Mkigeuza mgongo inakufa tena. Nyie ni mafundi au ni wageni?"

Alikuwa na haki. Tulikwenda mara ya kwanza, tukapima kioo, kizuri. Tukapima waya, nzuri. Tukaongeza maji ya betri, tukasafisha vichwa vyake, tukaondoka tukijipongeza. Baada ya siku chache redio ikafa. Tukaenda mara ya pili, kioo kikafanya kazi mbele yetu siku nzima, kama mtoto mtundu baba akiwepo. Tukaondoka. Ikafa.

Mjini afisa mmoja aliyesimamia vifaa akachoka. Hakuwa mtu mbaya. Kulikuwa na kijiji kingine kinaomba kioo, na hiki kilikuwa na kioo kisicho na faida. Akasema kesho yake angekwenda mwenyewe na Landrova kukichukua, sisi tutangulie kukifungua nati.

Tulipomfikishia Skola habari hizo hakupiga kelele. Alituingiza ndani, akatuonyesha mwanamke aliyekaa kwenye benchi, tumbo limemfika magotini. "Huyu ni Tekla. Mapacha, na wa kwanza amelala kwa upana. Siku ikifika, mimi hapa nitaweza kumshika mkono tu. Anahitaji kupasuliwa mjini. Kupasuliwa ni gari, gari ni redio, na redio ni kile kioo. Mkikichukua, mwambieni ninyi."

Tekla alitutazama. Sisi tukatazama spana zetu.

Tulipotoka nje Ambokile alisimama muda mrefu akikitazama kioo. Kilikuwa safi kuliko kioo chochote nilichowahi kuona Ufipa. Katika mwezi wa vumbi, nani anafuta kioo cha serikali kila siku?

"Bwana Deusi," akasema taratibu, "kuna ugonjwa unaomwogopa daktari. Daktari afanyeje?"

"Aondoke?"

"Aage. Aage sana."

Tukaaga. Sasa, kumuaga Mfipa si jambo la kufanya ukiwa na haraka. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anzigari, alitupigia makofi yale ya taratibu ya heshima, wazee wakapiga, tukajibu, tukaulizwa habari za tunakokwenda kama vile tumekwisha kufika. Kisha wakatusindikiza. Tulitegemea watarudi kwenye mti wa posta, ule ulioko mwisho wa kijiji, hawakurudi. Wakavuka kijito nasi. Ambokile akawaambia imetosha, wakasema hapana, mgeni haachwi njiani. Tulikaribia kufika Kasense na kijiji kizima nyuma yetu. Mwishowe Ambokile akapiga magoti kando ya njia akaanza kusali kwa sauti, sala ndefu ya kilokole, na wao wakiwa Wakatoliki wakaona wamwachie nafasi yake, wakarudi.

Alipofungua macho akasema, "Mungu atanisamehe, nilikuwa nauombea mshale wa mita." Tukaficha baiskeli tulizokuja nazo, tukarudi kwa kupitia mashambani, tukiinama nyuma ya matuta kama wezi wa maharage.

Hapo naomba niwakumbushe ninyi wa simu za kuchaji kwamba redio ya nyumbani wakati ule ilikula betri kavu, na betri kavu zilikuwa zimeadimika. Hata kwa Bwana Salum, mwenye duka na lori pale mjini, jibu lilikuwa, "Zimekwisha, rudi Jumatatu," na hakusema Jumatatu ya mwezi gani. Kwa hiyo betri ikiisha ilianikwa juani. Kila mtu wa umri wangu ameanika betri. Ukiipasha moto, dawa iliyobaki ndani inachangamka na kutoa makombo yake, redio inaimba jioni moja au mbili. Haijazwi, inakamuliwa tu. Lakini nani alijua tofauti?

Tulipochungulia nyuma ya zahanati, kioo hakikuonekana. Kilikuwa kimejaa betri. Zimesimama wima, mstari kwa mstari, kama askari wa gwaride, na kwa kuwa tulikuwa tumekilaza kama kitanda hakuna hata moja iliyoanguka. Kila nyumba ilikuwa na alama yake: uzi mwekundu, uzi mweusi, mkwaruzo wa kisu, jani la muhindi. Chini ya paa, kwenye kigoda, alikaa Mwenyekiti Anzigari na fimbo ndefu, anaelekeza.

"Za Bibi Vero zisogezwe mbele, jana zilikaa kivulini. Wewe, hizo ni zamu ya kesho. Ujamaa si kusukumana."

Ambokile akakohoa.

Mwenyekiti akageuka. Hakushtuka hata kidogo. Alipiga makofi mawili ya taratibu. "Karibuni tena, ndugu mafundi. Mmesahau kitu?"

"Ndugu Mwenyekiti," Ambokile akasema, na nilisikia sauti yake imeshuka chini kabisa, "hizi ni nini?"

"Betri."

"Naona ni betri. Zimeanza lini kukaa hapa?"

"Tangu mlipokileta. Mlisema hiki kinatengeneza umeme kwa jua. Sisi tumekuwa tukianika betri chini kwenye mkeka, mbuzi anapita, mtoto anapita. Tukasema, kama jua tupu linasaidia, jua la juu ya mashine si zaidi? Na kweli, zinapata nguvu. Kioo tunakifuta kila asubuhi, waya hatugusi."

"Na tulipokuja mara zote zile?" nikadakia.

Mwenyekiti akaniangalia kama mtu anayesikitikia malezi yangu. "Mgeni akija kula, wewe unaacha vyombo vyako mezani? Tuliwapisha mfanye kazi yenu."

Sasa ni nani mtamlaumu hapo? Nikageuka nimtafute Skola, nikidhani atalipuka. Alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Nesi, ulijua?" nikauliza.

"Kujua nini? Ziko mbele ya macho ya kila mtu."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Nyie mliuliza habari za waya." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, akanyoosha kidole. "Zile zenye plasta ni za tochi yangu. Nazalisha nayo usiku."

Ambokile aliketi chini kwenye kuni. Alicheka mpaka akavua kofia. Halafu akaacha, kwa sababu Tekla alikuwa amesimama nyuma ya Skola ameshika kizingiti, na Landrova ingekuja kesho.

Mkitaka kujifunza kazi, jifunzeni kwa alichokifanya. Hakuwahutubia. Aliwauliza tofali za shule zinafyatuliwa wapi, akaambiwa kijitoni, na zinapandishwa kwa kupokezana mikononi. Akaomba wapange mstari. Watu wakapanga, toka chini hadi juu, wanaume kwa wanawake, tofali zikaanza kupita. Alipoona zimekolea akaenda katikati ya mstari, akamshika kijana mmoja mikono yote miwili kwa nyuma.

Mstari ukasimama. Chini tofali zikarundikana, juu watu wakabaki mikono mitupu.

"Mbona wa juu hamfanyi kazi?" akapaza sauti. "Niliyemshika ni mmoja."

"Tutapokea kutoka kwa nani?" mmoja akajibu.

"Basi kioo ni hivyo. Mnaona hivi vigae vyeusi ndani yake? Kila kimoja kinampa mwenzake umeme mkononi. Betri moja ikisimama juu ya kigae kimoja, ikakitia giza, wote wamesimama. Ninyi mmesimamisha betri juu ya kila kigae."

Bibi Vero, kikongwe ambaye kila jioni alisikiliza matangazo ya vifo tangu la kwanza hadi la mwisho, ndiye aliyesema.

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini betri zangu zilikuwa zinapata nguvu hapo. Hilo nalo ni uongo?"

"Si uongo, Bibi. Zinapata joto. Joto utalipata hata juu ya bati."

"Na nikikosa matangazo?"

"Bibi, unasikiliza vifo vya nini kila siku?" kijana mmoja akamtania.

"Nikijua nani amekufa najua nani bado yupo," akajibu. "Wewe subiri, ipo siku utakaa karibu na redio kuliko mimi."

Siku hizi nakaa karibu na redio. Hilo liishie hapo.

Mwenyekiti akaamuru zamu zihamie kwenye bati la ghala, na betri zikashushwa kwa heshima zote, nyumba kwa nyumba. Tulikuwa bado tunazishusha Skola alipotoka ndani, na sasa alikuwa anatembea upesi.

"Ameanza," akasema.

Nikakimbilia redio. Betri kubwa ilikuwa karibu tupu, njaa yake ilikuwa ya wiki nyingi. Taa ya redio iliwaka kidogo, nilipobonyeza kuongea ikazimika. Jua lilikuwa limekwisha kuinama, na mtu wa redio mjini alifunga chumba chake saa kumi na moja. Kioo kikiwa wazi kingeweza kuijaza betri kiasi cha maneno machache, lakini kwa jua lile la pembeni kingefanya hivyo polepole mno. Skola akanitazama. Nikatoka nje.

Ambokile alikuwa bado uani anakitazama kioo. "Bwana Deusi, kinataka nini?"

"Mwanga."

"Joto?"

"Hapana."

"Basi tukiletee mwanga." Akageuka. "Ndugu Mwenyekiti, nani ana kioo cha kujitazamia?"

Hamjawahi kuona kijiji kikikimbia hivyo. Wanawake wakaja na vioo vya ukutani, wanaume na vile vidogo vya kunyolea ndevu, mtu akaja na kioo cha baiskeli kikiwa bado na baiskeli yake. Mabati mapya ya shule, yale yaliyokuwa yakilindwa kuliko ng'ombe, yakatolewa ghalani. Bibi Vero akaleta sinia lake la bati jeupe alilolisugua kwa majivu. Mwenyekiti akapanda juu ya kigoda chake na fimbo, akawapanga nusu duara upande wa jua, akiwafundisha kurudisha mwanga juu ya kioo.

"Anzigari mdogo, unamulika mbuzi. Inua. Wewe, hilo linatupiga machoni. Bibi Vero, sawasawa, baki hapo hapo, usipumue."

Mimi nilikuwa na mita. Niliuona mshale ukipanda, ukasita, ukapanda. Kila mtu alipochoka mkono, mshale ukashuka, nikapiga kelele, ukapanda tena. Ambokile alimwaga maji kidogo mgongoni mwa kioo kisipate homa. Ninyi msije mkaifanya kazi hiyo kila siku, mtaviunguza vigae. Ile ilikuwa ya siku moja.

Ndani Tekla alilia. Mwanga haukutikisika.

Saa kumi na moja ikikaribia Ambokile akanipa ishara. Nikamwita Skola. "Maneno machache," nikamwambia. "Usieleze. Sema."

Akabonyeza. "Zahanati naita mjini. Mjini, unanipata? Ova."

Sauti ikaja imesagika kama ulezi. "Nakupata. Nilikuwa nafunga. Sema, ova."

"Mzazi, mapacha, mtoto amelala vibaya. Leta gari la wagonjwa. Ova."

"Gari la wagonjwa liko bondeni Kaoze, halirudi leo. Lipo moja tu hapa, la Bwana Afisa, limetiwa mafuta. Linakuja kwenu kesho kuchukua sola. Ova."

Skola alifumba macho kidogo. Nilimwona akipima maneno kama mtu anayepima dawa.

"Lije leo," akasema. "Ova."

Redio ikazimika. Hatukujua kama la mwisho lilifika.

Lilifika. Jua likizama Landrova ikaingia, na Bwana Afisa mwenyewe ndani, na kamba za kufungia kioo zimekaa nyuma. Alishuka akakuta kijiji kizima kimeshika vioo na masinia, kimechoka, kinamtazama. Mwenyekiti akampigia makofi ya taratibu.

"Karibu, Ndugu Afisa. Umefika upesi. Nani alikuita?"

Afisa akatazama juu ya kibanda cha kuni.

"Gari ni dogo," Mwenyekiti akaendelea kwa upole kabisa. "Kuna mzazi anayelala, kuna nesi, kuna mama yake Tekla. Na dereva, nadhani, hatutamshusha. Wewe unaonaje, tupakie kioo?"

Kwa haki yake niwaambie, hakusita. Alitoa kamba nyuma mwenyewe, akatandika koti lake, akasaidia kumbeba Tekla. Gari likajaa, likaondoka na Skola akiwa amepiga magoti nyuma ameshika mkono ule aliosema atashika. Tekla alipasuliwa usiku ule. Mmoja wa mapacha aliishi, msichana. Mwingine hakuishi. Skola alimtaja huyo aliyekufa kwa miaka mingi, kila mara kwa jina walilokuwa wamempangia, na mimi nilijifunza kutoingilia kati.

Afisa alibaki nasi. Alilala kwa Mwenyekiti, akalishwa ugali wa ulezi na maharage mpaka akaomba msamaha. Asubuhi akatujia uani, amejifunga blanketi la kuazima, meno yanagongana.

"Fundi, nina kikao mjini. Niitie gari kwa redio."

Ambokile alikuwa anasali. Nikamjibu mimi.

"Betri haina kitu, mkubwa. Kioo kinasubiri mwanga."

Jua lilikuwa bado nyuma ya ukungu. Afisa akakitazama kioo chetu, kimelowa umande chote. Akatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Halafu akapanda juu ya gogo, akavuta pembe ya blanketi, akaanza kukifuta, kigae kwa kigae, polepole, kwa uangalifu mkubwa kabisa.